Ibn al-Haytham na Mwanga wa Mwezi

Ndugu msomaji, kila mwisho wa Shaabani unatoka nje na jamaa zako kuutafuta mwezi. Je, umewahi kujiuliza ule mwanga hutufikiaje? Yuko aliyejiuliza hivyo miaka elfu moja iliyopita.

Al-Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 965. Wengi wetu tumemsikia madrasa, lakini jina tu. Inasimuliwa kuwa alidai anaweza kuyadhibiti maji ya Nile, Khalifa al-Hakim akamwita Misri. Alipofika karibu na Aswan akaona kazi haiwezekani. Sasa utamwambia nini mtawala asiyetaka mzaha? Yasemekana akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye akajipatia riziki kwa kunakili vitabu.

Kitabu chake kikubwa, Kitab al-Manazir, kina juzuu 7. Humo ameeleza chombo cha kujaribia vioo vya aina 7, bapa, vilivyobinuka na vilivyobonyea. Kila mara mambo ni yale yale: mwale ukigonga kioo kwa pembe fulani, huruka upande wa pili kwa pembe iyo hiyo, kama mpira ukutani.

Na mwezi je? Kulikuwa na waliosema ni kioo. Yeye akakataa, maana kioo cha mviringo kingeturudishia jua kutoka sehemu moja ndogo tu. Basi akaupitisha mwanga wa mwezi kwenye matundu mawili hadi ukutani, akaliziba moja polepole. Mwanga ukapungua kidogo kidogo, haukukatika ghafla. Kumbe kila sehemu ya mwezi inayoangaziwa na jua hutawanya mwanga kila upande!

Leo wanaosoma picha za setilaiti wanahangaika na jambo hilo hilo. Shamba moja, siku moja, laweza kuonekana jeupe au jeusi. Jua likiwa nyuma ya kamera, vivuli vya majani hujificha na shamba hung'aa. Kamera ikielekea jua, vivuli vyajitokeza. Usipopiga hesabu ya pembe kwanza, utasema mahindi yamekauka na kumbe yako salama.

Hata mwezi ni hivyo. Ule wa usiku wa 14 hung'aa karibu mara 10 kuliko mwezi nusu, wala si mara 2, kwa sababu vivuli vya mawe yake vimejificha. Hilo la vivuli lilieleweka karne nyingi baada ya Ibn al-Haytham kufariki Cairo, karibu mwaka 1040.