Askofu Otto Dibelius (1880–1967): Mchungaji wa Mji Uliogawanyika

Katika kuwakumbuka waliotutangulia, inafaa tuutazame pia mji wa Berlin, ambako walitoka wamisionari waliofika kusini mwa nchi yetu mwaka 1891. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kanisa la huko liliongozwa na Askofu Otto Dibelius.

Alizaliwa Berlin tarehe 15 Mei 1880, na mwaka 1925 akakabidhiwa usimamizi wa sharika za Kurmark. Historia ya kweli haifichi doa lake: mwaka 1933 alitetea hadharani ususiaji wa maduka ya Wayahudi. Mwaka huohuo utawala wa Hitler ulimwondoa kazini, naye akajiunga na Kanisa la Ungamo lililokataa dola kulitawala Kanisa. Oktoba 1945 alikuwa miongoni mwa viongozi waliotia sahihi ungamo la hatia huko Stuttgart.

Mwaka huohuo alipata uaskofu wa Berlin na Brandenburg. Mji ulikuwa magofu, umegawanywa kati ya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Mwezi Juni 1948 Warusi walizifunga njia za nchi kavu na za maji kuelekea Berlin Magharibi, na hadi Mei 1949 wakazi wake walilishwa kwa ndege. Kisha yakazaliwa mataifa mawili ya Kijerumani. Kanisa likabaki moja. Dibelius aliishi upande wa magharibi, lakini kanisa alilohubiria, la Mtakatifu Maria, lilikuwa mashariki.

Mwaka 1957 alitia sahihi mapatano na serikali ya Magharibi kuhusu huduma ya kichungaji jeshini. Serikali ya Mashariki ikamhesabu kuwa adui. Mwaka 1959 aliandika kwamba dola isiyoheshimu haki haistahili utii ule unaofundishwa katika Warumi 13. Hata wachungaji wenzake wengi walimpinga, maana waliobaki mashariki ndio ambao wangelipa gharama ya maneno hayo.

Tarehe 13 Agosti 1961 mpaka ulifungwa, na Ukuta ukaanza kujengwa. Dibelius, akiwa na umri wa miaka 81, hakuruhusiwa tena kuvuka. Mimbari yake ilibaki ng'ambo, pamoja na sehemu kubwa ya kundi lake. Nyumba ya Misheni ya Berlin, mama wa sharika nyingi za kusini mwetu, nayo ilibaki mashariki.

Alistaafu mwaka 1966, akafariki tarehe 31 Januari 1967. Mwaka 1972 sehemu ya mashariki ilipata askofu wake. Ukuta ulifunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na mwaka 1991 Kanisa la Berlin na Brandenburg likaungana tena.

Maisha yake yanatufundisha kwamba mchungaji anaweza kunyamaza pale alipopaswa kusema, na anaweza kusema huku wengine wakibeba mzigo. Dibelius aliyapitia yote mawili. Hata hivyo, umoja alioutumikia ulidumu kuliko mawe ya Ukuta. Utukufu ni wa Mungu peke yake.