Mtakatifu Augustino na Mateka wa Hippo

Sikukuu ya Mtakatifu Augustino huadhimishwa kila mwaka tarehe 28 Agosti, nasi twamjua kuwa askofu na mwalimu mkuu wa Kanisa. Lakini wengi hawajui ya kuwa alikuwa Mwafrika, na ya kuwa mji wake ulikuwa bandari ya kupakilia watumwa, kama ulivyokuwa Bagamoyo yetu. Kwa hiyo yafaa katika jubilii hii tuyakumbuke maisha yake.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Wakati ule Afrika ya kaskazini ilikuwa chini ya dola ya Roma. Kaisari alikaa mbali, ng'ambo ya bahari. Maliwali wake ndio waliohukumu. Baba yake, Patrisio, alikuwa mmoja wa wazee wa baraza la mji. Wazee hao walipaswa kukusanya kodi ya Kaisari, na ikipungua waliilipa kwa mali yao wenyewe. Basi nyumba yao ilikuwa na heshima, lakini fedha haikuwa nyingi. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo, akamwombea mwanawe pasipo kuchoka.

Augustino alisoma Madaura, kisha Karthago, akawa mwalimu wa ufasaha, maana katika dola ile mtu aliyejua kusema vema aliweza kupanda hata kufika penye wakuu. Mwaka 383 alivuka bahari kwenda Roma, na mwaka 384 akapata kazi Milano, mji alipokaa Kaisari. Njia ya cheo ilikuwa wazi mbele yake. Lakini huko alisikia mahubiri ya Askofu Ambrosio, moyo wake ukageuka. Akaiacha kazi yake, akabatizwa usiku wa Pasaka mwaka 387. Mwaka uleule Monika akafa Ostia, walipokuwa wakingoja merikebu ya kuwarudisha kwao.

Alirudi Afrika mwaka 388, akitaka kukaa faraghani na rafiki zake katika sala. Lakini mwaka 391 watu wa Hippo walimshika kanisani, wakamtoa kwa askofu wao ili awe padre, naye akalia machozi. Baada ya miaka michache akawa askofu wao, wala hakuwaacha tena.

Katika uzee wake walifika Hippo wafanya biashara ya watu, wengi wao Wagalatia. Watumishi wao waliingia mashambani usiku, wamevaa kama askari, wakawaua wanaume waliojitetea, wakachukua wanawake na watoto. Hata mwanamke mmoja wa mjini aliwadanganya wanawake wa milimani kwamba atanunua kuni kwao, akawafunga, akawauza. Sheria ya Roma iliruhusu utumwa, wala Augustino hakutaka kuiondoa. Aliuona utumwa kuwa tunda la dhambi. Lakini sheria ileile ilikataza kumwiba mtu huru na kumwuza.

Wakati mmoja askofu hakuwapo mjini. Wakristo wa Hippo wakapata habari, wakaenda wenyewe, wakawatoa watu kama 120, wengine merikebuni, wengine mahali walipofichwa. Walipowauliza, waliona watano au sita tu waliouzwa na wazazi wao. Wafanya biashara hawakunyamaza. Walikuwa na wakubwa wa kuwalinda, wakadai warudishiwe watu wao. Ndipo Augustino akamwandikia rafiki yake Askofu Alipio, aliyekuwa Italia, ili sheria ya Kaisari itiwe nguvu juu ya wezi hao. Hata hivyo hakutaka wapigwe mijeledi yenye risasi, kwa kuwa adhabu hiyo huua. Barua hiyo ilisahauliwa karne nyingi, ikapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1981. Tena, fedha ya kukomboa mateka ilipokosekana, aliamuru vyombo vitakatifu viyeyushwe.

Mwaka 429 Wavandali waliingia Afrika, na mwaka 430 wakauzingira Hippo. Augustino akafa mjini humo tarehe 28 Agosti, mwezi wa tatu wa mazingiwa, umri wake miaka 75. Hakuandika wasia, kwa kuwa hakuwa na mali ya kurithisha.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, misafara ilikuwa ikishuka toka bara, na majahazi yakiwavusha watu kwenda Unguja. Nao walitoa fedha kuwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa makao na mashamba. Na katika hao walitoka Wakristo wa kwanza wa pwani hii.

Katika Torati, mwaka wa jubilii ni mwaka wa kuwaacha watumwa huru. Basi sisi tulio katika parokia na shule tuwakumbuke watu wa Hippo. Hawakumngoja askofu arudi, wala hawakuuliza kwanza mateka ni wa kabila gani. Hata leo wako watoto wanaotolewa kwao kwa hila, wakifanyishwa kazi ngumu pasipo mshahara wala shule. Tukiwaona, tusipite kando. Mtakatifu Augustino atuombee.