Abushiri wa Pangani na Haki ya Historia

Tarehe 15 Desemba, 1889, mjini Pangani, wakoloni wa Kijerumani walimnyonga Abushiri bin Salim al-Harthi. Walidhani kwamba kwa kitanzi kile wamelizika na jina lake. Jina limebaki. Leo, nchi mbalimbali zinapojenga makumbusho penye medani za vita zenyewe, ambamo mgeni husikia vishindo vya mizinga na kupita alipopita mpiganaji, ni wajibu wetu kujiuliza maisha ya mtu huyu yaonyeshwe vipi.

Abushiri alikuwa kabaila, mwenye shamba la miwa huko Pangani. Ukoo wake wa Harthi ulikuwa na uhasama wa miaka mingi na masultani wa Unguja. Mwaka 1859 Waharthi walimuunga mkono Barghash alipomwasi nduguye, Sultani Majid, wakashindwa. Kwa hiyo Abushiri hakupigana kwa amri ya Sultani, wala hakuwa na sababu ya kumpenda.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa mwambao kwa muda wa miaka 50. Wananchi wa Mrima hawakuulizwa. Agosti mwaka huo wakala wa Kampuni, Emil von Zelewski, akapandisha bendera yake Pangani, na katika ubabe wake akaingia msikitini na mbwa. Hasira ikapanda. Mwezi Septemba Wajerumani wakafungiwa ndani ya nyumba yao. Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, akaja kutoka Unguja kuwatoa, naye pia akalazimika kuondoka. Moto ukaenea toka Tanga hadi Kilwa, na Abushiri akawa kiongozi wake mashuhuri.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann pamoja na askari wa Kisudani walioandikishwa Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Hapo ndipo penye funzo chungu: Waafrika walilipwa ili wawapige Waafrika. Tarehe 8 Mei, 1889, walilivamia boma la Abushiri karibu na Bagamoyo, na watu wake wengi wakauawa. Mwezi Julai Pangani na Tanga zikatekwa. Abushiri alikimbilia bara, akaishambulia Mpwapwa, akarudi kuelekea pwani pamoja na Mafiti, akashindwa tena. Mwezi Desemba alisalitiwa, akakamatwa. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi mwaka 1890.

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa mwambao wetu huu wa Tanga, aliitungia vita hiyo utenzi. Sisi tuliorithi kumbukumbu hiyo tuna deni la kuifikisha kwa vijana. Songea ina makumbusho ya Majimaji, na Kalenga ina ya Mkwawa. Pangani na uwanja ule wa Bagamoyo vinastahili heshima hiyo hiyo.

Lakini tahadhari. Ni rahisi kumtia kijana katika chumba cha giza, akasikia bunduki na kuona moshi, akatoka amefurahi bila kujua nani alikuwa akimpiga nani, na kwa nini. Vita si tamasha. Makumbusho ya kweli yaanze kwenye shamba la miwa, maana mashamba ya Pangani yalikwenda kwa jasho la watumwa, na Abushiri mwenyewe alikuwa bwana wao. Mgeni auone mkono wa mtumwa kabla hajauona upanga wa bwana wake. Kisha auone mkataba uliotiwa saini Unguja, ili ndugu zetu wa Visiwani wanaovuka kuja Pangani watambue kwamba historia hii ni yao pia. Mwisho asimame mbele ya kitanzi.

Kusema hayo hakumpunguzii Abushiri ushujaa wake. Alikataa nchi itolewe kwa karatasi bila wenyewe kuulizwa, akalipa kwa roho yake. Tunawaomba viongozi wa mkoa na wakuu wa mambo ya kale walishughulikie jambo hili, na kabla ya kuagiza mitambo ya sauti na picha, wawakutanishe wazee wa Pangani na wanahistoria, wakubaliane ni nini kitakachosemwa.