Munganga Johnson, muntu aliyefungulia watoto weusi mulango wa tenisi

Wapenzi wa michezo wengi wanajua jina la Yannick Noah, mutoto wa Kameruni na Ufaransa aliyeshinda Roland-Garros mwaka wa 1983. Wengine, zaidi wazee, wanakumbuka Arthur Ashe, Mumarekani mweusi aliyeshinda Wimbledon mwaka wa 1975. Lakini muntu aliyekuwa nyuma ya Ashe, na mbele ya Ashe alikuwa tayari nyuma ya Althea Gibson, jina lake halitajwi sana. Hakuwa muchezaji wa kulipwa. Alikuwa munganga, anapokea wagonjwa kila siku. Anaitwa Robert Walter Johnson. Kwa miaka karibu 20, kila vakansi kubwa, alifungua nyumba yake kwa watoto weusi, akawafundisha tenisi, kisha akawapakia ndani ya motokari na kuwapeleka kwenye mashindano, muji kwa muji.

Johnson alizaliwa mwaka wa 1899, kusini mwa Marekani. Wakati huo, sheria za kusini zilitenga weusi na wazungu karibu katika kila kitu: masomo, treni, restora, hospitali, hata fontene za kunywa maji. Alipokuwa kijana kwenye iniversite ya Lincoln, huko Pennsylvania, alicheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mupira mikononi. Alikimbia sana mupaka wakamupa jina la Whirlwind, maana yake upepo wa kimbunga. Jina hilo lilimufuata mupaka kaburini.

Kiisha hapo alisomea unganga kwenye chuo cha Meharry, muji wa Nashville, moja ya vyuo vichache vilivyopokea weusi waliotaka kuwa waganga. Katika miaka ya 1930 alikuja kukaa Lynchburg, muji wa jimbo la Virginia. Alifanya kazi mupaka akawa munganga mweusi wa kwanza kupewa ruhusa ya kutunza wagonjwa wake katika hospitali kubwa ya muji huo. Tenisi aliianza akiwa amekwisha kuwa muntu muzima. Aliipenda kabisa. Pembeni ya nyumba yake, kwenye barabara ya Pierce, alijengesha kiwanja chake mwenyewe.

Wakati huo chama kikubwa cha tenisi cha Marekani hakikupokea weusi kwenye mashindano yake. Kwa hiyo weusi walikuwa na chama chao, kilichoitwa ATA, kilichoundwa mwaka wa 1916. Kila mwaka kilifanya shampiona yake. Waganga, walimu na wafanya biashara weusi waliacha kazi siku chache, wakaenda kucheza na kuonana. Johnson alikuwa kati yao.

Mwaka wa 1946, shampiona ya ATA ilifanyika Wilberforce, katika jimbo la Ohio. Musichana mumoja murefu kutoka Harlem, New York, alifika mupaka fainali akashindwa. Huyo njo Althea Gibson. Alikuwa karibu na miaka 19, masomo alikuwa ameyaacha, na watu wengi walimuona kama musichana mugumu. Johnson alikuwa anaangalia, pamoja na rafiki yake Hubert Eaton, naye munganga, wa muji wa Wilmington huko North Carolina. Wote wawili waliona kitu kimoja: huyu musichana anaweza kufika mbali, ikiwa muntu atamutunza.

Waliketi na Althea, wakapatana. Wakati wa masomo angekaa kwa Eaton, amalize masomo ya sekondari. Wakati wa vakansi angekuja Lynchburg kwa Johnson, acheze na kusafiri naye kwenye mashindano. Chakula, nyumba na safari, waganga hao wawili walilipa. Kuanzia mwaka wa 1947 mupaka 1956, Althea alishinda shampiona ya wanawake ya ATA mara 10 mufululizo. Johnson mwenyewe, muzee wa karibu miaka 50, alicheza naye wawili-wawili, mwanaume na mwanamuke, na walishinda taji hilo mara kadhaa.

Lakini kushinda kati ya weusi peke yao hakukutosha. Mwaka wa 1950, kiisha mapambano mengi ya ATA, na kiisha Alice Marble, mushindi wa zamani ambaye alikuwa muzungu, kuandika wazi katika gazeti la tenisi kama ni haya kumufungia mulango, Althea aliruhusiwa kucheza Forest Hills, shampiona kubwa ya Marekani. Mwaka uliofuata alicheza Wimbledon. Mwaka wa 1956 alishinda Paris, akawa mweusi wa kwanza kushinda moja ya mashindano manne makubwa ya dunia. Mwaka wa 1957 alishinda Wimbledon, na Malkia Elizabeth alimupa tuzo kwa mukono wake. Alishinda tena mwaka wa 1958.

Muntu mwingine angepumzika hapo. Johnson alikuwa na shida ingine kichwani, na shida hiyo ilihusu watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alijua kama katika muji wa Charlottesville, karibu kilometa 100 kutoka kwake, kulikuwa shampiona ya inchi ya wanafunzi wa sekondari, na watoto wote waliocheza walikuwa wazungu. Alienda kuomba wakubwa wa mashindano wapokee weusi pia. Walikubali. Mwaka wa 1951 alileta vijana wawili. Walipigwa haraka, wakarudi nyumbani.

Haya ile ilimufundisha. Aliona kama mulango kufunguliwa ni jambo moja, na kuwa tayari kuingia ni jambo lingine. Watoto wazungu walianza tenisi wakiwa wadogo, ndani ya klabu zenye viwanja vizuri na walimu. Watoto weusi walikuwa wanaokota muchezo pembeni ya barabara. Basi Johnson alianza kuchukua watoto wadogo, wa miaka 10, 12, 14, na kuwalaza nyumbani kwake wakati wote wa vakansi. Pesa nyingi zilitoka mufukoni mwake, na zingine alizitafuta kwa marafiki.

Maisha pale Lynchburg hayakuwa ya kucheza-cheza. Asubuhi watoto walifanya kazi za nyumba: kupalilia majani, kutunza maua, kusafisha. Kisha kiwanja, mupaka jioni. Ili jicho lizoee kufuata mupira, aliwapa mupini wa fagio badala ya raketi. Muntu anayeweza kupiga mupira na fimbo nyembamba, raketi itakuwa rahisi kwake. Mezani pia ilikuwa darasa: ginsi ya kukaa, ginsi ya kushika kisu na uma, ginsi ya kusema na wakubwa.

Zaidi ya yote, aliwapa sheria za kiwanjani. Katika mashindano ya watoto, mara nyingi hakuna mwamuzi. Kila muchezaji anasema mwenyewe kama mupira umeingia ao umetoka kwa upande wake. Johnson aliamuru watoto wake hivi: mupira wa mupinzani ukitoka inje ya mustari kidogo tu, upana wa vidole viwili, muuhesabu kama umeingia. Mupinzani akiwaibia, munyamaze na muendelee. Musitupe raketi chini. Musibishane. Mukibadilisha upande, muokote mipira na mumupe mupinzani mukononi.

Juu ya nini awafungie watoto hivyo? Alijua kama wakubwa wengi wa mashindano wanatafuta sababu moja tu ya kusema weusi wavuruga muchezo, warudi kwao. Mutoto muzungu akikasirika, ni hasira ya mutoto mumoja. Mutoto mweusi akikasirika, mulango unafungwa kwa wote wanaokuja nyuma yake. Kwa hiyo aliwanyima watoto wake haki ya kukasirika mbele ya watu.

Mwaka wa 1953, Ronald Charity, kijana aliyefundisha tenisi huko Richmond, alimuletea Johnson mutoto wa miaka 10, mwembamba kama fimbo. Huyo ni Arthur Ashe. Mama yake alikuwa amekufa wakati yeye ana miaka 6, na baba yake alikuwa mulinzi wa uwanja wa michezo wa weusi. Kwa kuwa yeye njo alikuwa mudogo kuliko wote, kazi yake ilikuwa kusafisha nyumba ya mbwa.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Kila walipomurekebisha ginsi ya kushika raketi, Ashe alijibu kama Charity alimufundisha ingine. Johnson hakumupiga wala kubishana naye. Alichukua telefone akaita baba yake. Muzee Ashe alishika barabara kutoka Richmond mupaka Lynchburg, zaidi ya kilometa 150. Alipofika alimuambia kijana wake kama hapa mwalimu ni munganga Johnson, na lile anasema njo atafanya. Kesi iliishia hapo. Ashe alirudi Lynchburg kila vakansi mupaka alipokuwa kijana mukubwa.

Kiisha mazoezi, ilikuja safari. Kusini mwa Marekani, motokari yenye watoto weusi haikuweza kusimama popote. Otele nyingi hazikuwapokea. Restora ziliwakatalia, ao ziliwauzia chakula kwa mulango wa nyuma. Kwa hiyo walibeba chakula ndani ya motokari, na usiku walilala kwa familia za weusi waliojulikana na Johnson ao na ATA. Mwalimu kwenye safari hiyo alikuwa shofere, baba, munganga, na tena muntu wa kusimama mbele ya wakubwa wa mashindano kuomba watoto waandikwe. Pengine walikubali. Pengine walikataa. Huko Richmond kwenyewe, muji aliozaliwa, Ashe alifungiwa kucheza juu ya rangi ya ngozi yake. Mwaka wa 1958 alikuwa mweusi wa kwanza kucheza shampiona ya vijana ya Maryland.

Mwaka wa 1961, miaka 10 kiisha wale vijana wawili kupigwa Charlottesville, Ashe alishinda shampiona ile ile ya wanafunzi wa sekondari. Deni lililipwa. Kutoka hapo njia yake inajulikana: masomo kwenye iniversite ya UCLA huko California, timu ya taifa ya Davis Cup mwaka wa 1963, US Open mwaka wa 1968, Australia mwaka wa 1970, kisha Wimbledon mwaka wa 1975 mbele ya Jimmy Connors, muchezaji ambaye karibu watu wote walifikiri atashinda.

Muntu anaweza kuuliza kama Johnson hakuwafanyia watoto vibaya. Mutoto anaibiwa pointi, anaambiwa anyamaze. Mutoto anatukanwa, anaambiwa aokote mipira amupe yule anayemutukana. Huo ni muzigo, na mizigo ya namna hiyo inabaki ndani ya muntu. Ashe alikua na sura ya utulivu ambayo watu wengine waliiona kama baridi, na kwa miaka fulani Wamarekani weusi wengine walimulaumu kama hasemi kwa sauti ya kutosha.

Lakini maisha ya Ashe yanaonyesha kama ukimya wa kiwanjani haukumufunga kinywa. Aliomba mara nyingi kucheza Afrika ya Kusini, na mwaka wa 1973 alifika huko, wakati wa ubaguzi. Mwaka wa 1985 alikamatwa Washington katika maandamano mbele ya ubalozi wa inchi hiyo. Mwaka wa 1992, akiwa mugonjwa wa sida aliyopata kwa kuongezewa damu, alikamatwa tena kwa kutetea wakimbizi wa Haiti. Alikufa mwezi wa pili mwaka wa 1993. Johnson alimufundisha kuchagua saa na mahali pa kupigana. Kiwanja cha watoto, mbele ya watu wanaotafuta sababu, hakikuwa mahali hapo.

Munganga Johnson alikufa Lynchburg tarehe 28 mwezi wa sita mwaka wa 1971. Hakuona Ashe akishinda Wimbledon. Mwaka huo huo wa 1971, Ashe alitembelea Kameruni. Huko Yaoundé aliona mutoto wa karibu miaka 11 anayepiga mupira kwa nguvu ya ajabu. Alipelekea habari wakubwa wa tenisi wa Ufaransa, na mutoto huyo akapata nafasi ya kwenda kufundishwa Nice. Ni Yannick Noah. Jambo ambalo waganga wawili walimufanyia Althea, na ambalo Charity na Johnson walimufanyia Ashe, Ashe alilifanya Afrika.

Mwaka wa 2009, karibu miaka 40 kiisha kifo chake, Johnson aliandikwa kati ya watu wakubwa wa tenisi ya dunia, katika nyumba ya heshima ya muchezo huo huko Newport, Marekani. Nyumba yake ya barabara ya Pierce iko kwenye orodha ya majengo ya historia ya inchi yao. Kiwanja nacho kilitengenezwa upya, na watoto wanacheza tena pale.