Emmy Noether, Mwalimu Asiyekuwa na Darasa

Mwaka huu sikukusudia kuandika habari za mtu aliyekufa zamani. Nilikuwa nimeanza hadithi ya harusi iliyoharibika, nikaiacha katikati. Sababu yake nitaieleza.

Sisi wa shule ya kutwa si mnajua shida zetu? Kengele ya saa kumi ikilia, bawabu anaanza kufunga madarasa na kila mtu ashike njia ya kwao. Muhula wa pili watu saba wa kidato cha tatu tulianzisha kikundi cha kufanya hesabu pamoja, kwa sababu ukifika nyumbani kuna maji ya kuteka, kuna mtoto wa kubeba, na taa ikiwaka ni ya watu wote. Tukatolewa darasani, tukahamia kibarazani. Tukatolewa kibarazani, tukahamia chini ya mwembe ulio kando ya uwanja. Mvua ikaja. Watatu wakaacha. Basi nikamwendea mwalimu wetu wa hisabati kulalamika kwamba bila chumba hatuwezi kuendelea. Nilidhani atanipa ufunguo. Akanipa jina la mtu, Emmy Noether, akaniambia nikatafute habari zake kisha nirudi tuzungumze. Nilikasirika kidogo, sitaficha. Lakini nilikwenda nikatafuta.

Emmy Noether alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 katika mji wa Erlangen, kusini mwa Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo huo. Mtu angefikiri kwamba binti wa profesa atafunguliwa mlango upesi. Wapi! Siku hizo msichana wa nyumba kama ile alitarajiwa ajue kupika, kupokea wageni na kucheza piano. Emmy alipenda sana dansi. Mwaka 1900 alifanya mtihani wa kuwa mwalimu wa Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana, akapita. Kazi ilikuwa tayari mkononi mwake. Akaiacha, akataka hisabati.

Chuo Kikuu cha Erlangen kilikuwa na wanafunzi 986, na kati yao wanawake walikuwa wawili tu. Hao wawili hawakuandikishwa kama wanafunzi kamili. Kila walipotaka kusikiliza somo iliwapasa wamwombe ruhusa profesa mwenyewe, na profesa akitaka anakataa, yamekwisha. Emmy alivumilia hivyo mpaka mwaka 1904, sheria ilipobadilishwa akaandikishwa sawasawa. Mwaka 1907 alipata shahada ya udaktari chini ya Paul Gordan, mzee aliyependa hesabu ndefu ndefu. Mwishoni mwa kazi yake hiyo mna orodha ya fomula 331. Fikirini! Mimi fomula kumi na mbili zinanitoa jasho. Lakini baadaye mwenyewe aliidharau kazi ile, akaiona kama takataka tu. Aliendelea kufundisha na kufanya utafiti pale Erlangen hadi mwaka 1915, miaka saba hivi, bila mshahara na bila cheo. Nyumbani ndiko alikolishwa.

Mwaka 1915 maprofesa wawili wakubwa, David Hilbert na Felix Klein, walimwita aje Göttingen. Mji huo ulikuwa kwa wanahisabati kama Lamu ilivyokuwa kwa washairi. Hapo ndipo vita vya maneno vilipoanza. Maprofesa wa masomo mengine walikataa katakata asipewe kibali cha kufundisha. Walitoa hoja kwamba vijana wakirudi kutoka vita vya dunia watajisikiaje kusomeshwa na mwanamke. Husimuliwa kwamba Hilbert aliwajibu kuwa chuo kikuu si nyumba ya kuogea, basi haoni uanamke unaingiaje. Hawakukubali. Dawa aliyoipata Hilbert ilikuwa ya ujanja: masomo yalitangazwa kwa jina lake yeye, lakini aliyesimama ubaoni alikuwa Emmy. Kwa miaka kadhaa alifundisha chini ya jina la mwingine.

Na katika miaka hiyo hiyo ya kutokuwa na jina, mwaka 1918, alitoa kanuni ambayo wanafizikia wanaitumia mpaka leo. Nitaieleza kama mwalimu alivyonieleza. Tunaambiwa katika fizikia kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, hubadilika sura tu. Kwa nini? Tunakariri, hatuulizi. Bi Noether alithibitisha kwamba jambo hilo linatokana na ulinganifu: kama sheria za maumbile ni zile zile leo, jana na kesho, basi lazima nishati ihifadhiwe. Kila ulinganifu wa namna hiyo una kitu chake kinachohifadhiwa. Mwaka uliofuata, 1919, ndipo alipopewa kibali cha kufundisha kwa jina lake. Mwaka 1922 akapewa cheo cha profesa, lakini cha aina isiyo na mshahara. Malipo madogo ya kufundisha aljebra yalianza mwaka 1923, naye ana miaka zaidi ya arobaini.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niache hadithi yangu ya harusi.

Mama huyu alikuwa na wanafunzi wa udaktari, yaani wale waliokwisha maliza masomo ya kawaida ya chuo na sasa wanatafuta jambo ambalo hajalijua mtu yeyote. Mjini waliitwa watoto wa Noether. Walitoka Ujerumani kwenyewe, na wengine walikuja kutoka Uholanzi, Urusi, Japani, hata Uchina. Msidhani alikuwa mwalimu wa kumfaa kila mtu. Alisema upesi upesi, mawazo yakimkimbia mbele ya ulimi, akaandika ubaoni na kufuta kabla wageni hawajanakili. Wengine walikuja mara moja wasirudi. Lakini waliobaki waligundua siri yake, kwamba hakuja na somo lililopikwa likaiva. Alikuja na jambo ambalo yeye mwenyewe bado analifikiria, akalifikiria mbele yao, nao wakaingilia, wakabishana naye. Mimi nadhani ndiyo maana wengi wao waliandika vitu vikubwa baadaye. Walikuwa wameona jinsi wazo linavyozaliwa, pamoja na makosa yake.

Darasa halikumtosha. Walitembea naye kwa miguu masafa marefu wakizungumza aljebra njia nzima. Siku moja ilikuwa sikukuu, jengo la chuo limefungwa. Alikusanya wanafunzi kwenye ngazi za nje, akawaongoza kupitia msituni mpaka kwenye mkahawa wa kahawa, somo likaendelea pale. Jioni nyingine walialikwa nyumbani kwake, chumba chini ya paa, wakala faluda aliyoipika mwenyewe. Kuna kisa cha mwavuli wake pia, mwavuli mkuukuu uliovuja. Wanafunzi wakamwambia aupeleke ukashonwe. Akajibu kwamba wasemayo ni kweli, lakini haiwezekani: jua likiwaka haukumbuki, na mvua ikinyesha anauhitaji. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana nilikumbuka mwembe wetu.

Walizungumza nini? Hapa nitajaribu, nanyi mnivumilie. Chukueni nambari nzima. Ukijumlisha mbili, ukitoa, ukizidisha, unabaki na nambari nzima. Ukigawanya, unaweza kutoka nje ya uzio. Kuna jamii nyingine nyingi za vitu zenye tabia hiyo, na Bi Noether hakutaka kuhesabu moja moja. Alitaka kujua tabia yenyewe inaleta nini. Nambari zote zinazogawanyika kwa 24 zimo ndani ya zile zinazogawanyika kwa 12. Za 12 zimo ndani ya za 6, za 6 ndani ya za 3, na za 3 ndani ya nambari zote. Hapo mlolongo unakoma, hauna pa kukua tena. Mwaka 1921 alionyesha kwamba kutokana na huko kukoma tu unaweza kupata kanuni kubwa kubwa. Hadi leo jamii za namna hiyo zinaitwa kwa jina lake, yeye aliyefundisha kwa jina la mwingine.

Hakuwa mchoyo wa mawazo. Van der Waerden, kijana wa Kiholanzi aliyekuja kwake mwaka 1924, aliandika vitabu viwili vya aljebra vilivyotoka mwaka 1930 na 1931, na mengi yaliyomo aliyapata kwenye masomo yake na ya Emil Artin. Vitabu hivyo vilienea duniani, naye hakunung'unika. Mimi ningenung'unika.

Septemba 1932 alihutubia mkutano mkuu wa wanahisabati wa dunia mjini Zürich, Uswisi. Miezi michache baadaye Wanazi walishika serikali ya Ujerumani. Tarehe 7 Aprili 1933 ilitoka sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika kazi za serikali, na kabla ya mwezi kwisha Emmy alizuiwa kufundisha. Baada ya miaka yote ile ya kupigania mlango, ukafungwa tena.

Alifanya nini? Aliwaita wanafunzi nyumbani. Wakakaa katika chumba chake wakaendelea na nadharia ngumu ya nambari walipoiachia. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Ernst Witt, kijana hodari kabisa katika aljebra, alifika amevaa sare ya kahawia ya askari wa chama cha Nazi. Yaani sare ya watu wale wale waliomfukuza mwenye nyumba! Bi Noether hakumfukuza. Akaendelea na somo kama kawaida, na baadaye alilicheka jambo hilo.

Nilisoma habari hii katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili, ukazuka ubishi hata tukasahau muda. Wenzangu wengine walisema huo ni moyo wa mwalimu wa kweli, kwake kijana alikuwa mwanafunzi basi. Wengine wakasema ni udhaifu, na kwamba sare si nguo tu. Mimi kwa upande wangu nisingemfungulia mlango. Nimelifikiria tena na tena, na bado nasema nisingemfungulia. Lakini sina hakika kama ni kwa sababu ninajua haki zaidi yake, au kwa sababu mimi hisabati siipendi kiasi alichoipenda yeye.

Mwishoni mwa mwaka 1933 alivuka bahari mpaka Marekani, katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, jimbo la Pennsylvania. Huko pia alijenga kikundi kidogo cha wanawake vijana: Olga Taussky, Marie Weiss, Grace Shover, na Ruth Stauffer aliyekuwa akiandika kazi yake ya udaktari kwake. Walisoma kitabu kile cha van der Waerden kwa Kijerumani, wakajadiliana kwa Kiingereza, na maneno ya kitaalamu wakayaacha yalivyo katika Kijerumani. Chama chetu wanisamehe, lakini hivyo ndivyo na sisi tunavyofanya hesabu zetu, Kiswahili katikati na Kiingereza pembeni, na jibu linatoka lile lile. Jumamosi aliwatembeza. Akizama katika mazungumzo alisahau kama kuna magari barabarani, ikawapasa wasichana wamlinde wakati wa kuvuka. Tangu mwaka 1934 alikuwa akisafiri kila wiki kwenda Princeton kufundisha pia.

Kiangazi cha mwaka 1934 alirudi Göttingen kidogo, akafunga vitu vyake. Kaka mdogo wake Fritz, naye mwanahisabati, alikwenda kufanya kazi Tomsk, nchi ya Wasovieti, akidhani amepata usalama. Alipigwa risasi katika nchi hiyo mwaka 1941.

Emmy hakuishi kuyasikia hayo. Aprili 1935 madaktari walimwona ana uvimbe tumboni, wakampasua. Kwa siku chache ilionekana anapata nafuu, kisha homa ikapanda ghafula. Alifariki tarehe 14 Aprili 1935, umri wake miaka 53. Albert Einstein alipeleka barua ya kumsifu katika gazeti la New York Times. Ruth Stauffer alipata udaktari wake mwaka huo huo. Majivu ya Bi Noether yamezikwa chini ya njia ya miguu iliyo kando ya maktaba ya zamani ya Bryn Mawr, wanafunzi wanapita juu yake wakienda na kurudi.

Nilirudi kwa mwalimu na haya yote nimeyaandika katika daftari. Akasoma kurasa zote, akaniuliza kama bado nautaka ufunguo. Nikasema ndiyo, bado ninautaka. Akacheka sana, akasema atazungumza na wahusika. Mpaka ninapoandika hatujaupata.

Kwa sasa tuko watano, maana mmoja kati ya wale watatu amerudi. Tunakutana Jumamosi saa sita mchana kwenye kibaraza cha duka la mama wa mwenzetu. Ubao wetu ni mlango wa bati wa duka, nao unashika chaki vizuri usipokuwa na unyevu. Tumemaliza logarithimu, tumeingia kwenye duara. Anayetaka kuja aje na karatasi yake, na asichelewe, kwa sababu ikifika saa tisa mama anautaka mlango wake.