Mike Webster: Mlinzi wa wenzake aliyekosa wa kumlinda

WATAZAMAJI wengi wa mpira wa Kimarekani humfuata kwa macho yule anayeurusha mpira na yule anayekimbia nao. Ni wachache wanaomwangalia mtu aliyeinama mbele yao, mpira ukiwa mkononi mwake, akisubiri kugongwa.

Kwa misimu 17, hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Mike Webster, senta wa timu ya Pittsburgh Steelers. Aliifanya kwa ustadi uliompa heshima kubwa, na kazi hiyo hiyo ndiyo iliyomwangamiza.

Webster alizaliwa Machi 18, 1952 huko Tomahawk, katika jimbo la Wisconsin, akakulia katika shamba la viazi. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na mwaka 1974 akachaguliwa na Steelers katika raundi ya tano. Wengi walimwona mdogo wa umbo kwa nafasi hiyo. Mwenyewe alijibu kwa kunyanyua vyuma na kufanya mazoezi kupita wenzake.

Kazi ya senta huanza kwa kuupitisha mpira kati ya miguu yake hadi kwa mchezaji anayeongoza mashambulizi. Papo hapo hulazimika kuinuka na kuwazuia majabali ya timu pinzani yasimfikie kiongozi huyo.

Webster alipoanza, sheria hazikumruhusu mchezaji wa safu hiyo kunyoosha mikono yake mbele ili kumzuia mpinzani, hivyo kichwa na mabega ndivyo vilivyotangulia. Wapinzani nao waliruhusiwa kumpiga makofi ya kichwani juu ya helmeti. Makofi hayo yalipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya mikono ikalegezwa mwaka 1978.

Steelers, klabu iliyoanzishwa mwaka 1933, haikuwahi kutwaa ubingwa kabla ya Webster kujiunga nayo. Katika miaka yake sita ya kwanza ilitwaa Super Bowl mara nne. Terry Bradshaw alirusha mipira na Franco Harris akakimbia nayo, lakini njia ilisafishwa na Webster na wenzake wa safu ya mbele.

Alicheza mikono ikiwa wazi hata kwenye baridi kali. Maumivu hayakumtoa uwanjani, na mashabiki wakambatiza jina la Mike wa Chuma. Alichaguliwa mara tisa katika kikosi cha nyota wa ligi. Baada ya mechi 220 na Steelers, alimalizia misimu miwili, 1989 na 1990, katika timu ya Kansas City Chiefs.

Hapo ndipo ulipoanza mchezo mwingine, ambao hakuwa na mbinu za kuucheza.

Mtu aliyekuwa mpole na makini akawa msahaulifu na mwenye hasira za ghafla. Fedha zake zilipotea katika biashara zisizofanikiwa, na ndoa yake ikavunjika. Kuna nyakati alilala ndani ya gari lake au katika kituo cha treni, katika mji uliokuwa ukimshangilia. Maumivu yalimnyima usingizi kiasi cha kujipiga shoti kwa kifaa cha umeme ili apoteze fahamu na kupumzika.

Mwaka 1997 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo huko Canton, Ohio. Hotuba yake ilirefuka na kupoteza mwelekeo. Miaka miwili baadaye alitiwa hatiani kwa kughushi vyeti vya kununulia dawa, akapewa kifungo cha nje.

Mwaka huo huo wa 1999 alidai mafao ya ulemavu. Bodi ya mafao ya wachezaji ilikubali kwamba ubongo wake ulikuwa umeharibika, lakini ilikataa kwamba alikuwa mlemavu tangu alipostaafu, na hivyo ikamnyima kiwango cha juu. Shauri lilifika mahakamani, na Desemba 2006 mahakama ya rufaa iliipa familia yake haki. Webster hakuwepo kuisikia hukumu hiyo.

Alifariki dunia Septemba 24, 2002 mjini Pittsburgh kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 50.

Mwili wake ulichunguzwa na Bennet Omalu, daktari kijana kutoka Nigeria ambaye hakuwa shabiki wa mchezo huo. Kwa macho, ubongo wa Webster ulionekana mzima. Omalu hakuridhika. Aliagiza ukatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, na humo akakuta marundo ya protini iitwayo tau, dalili za maradhi yaliyokuwa yakijulikana zaidi kwa mabondia. Ugonjwa huo sasa unafahamika kwa kifupi cha CTE.

Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 2005. Madaktari wa kamati ya ligi ya NFL walitaka yafutwe, lakini hayakufutwa. Mwaka 2016 ofisa wa ligi hiyo alikiri mbele ya wabunge wa Marekani kwamba kuna uhusiano kati ya mchezo huo na CTE. Kufikia hapo maelfu ya wachezaji wa zamani walikuwa wameishitaki ligi, na suluhu iliyofikiwa imegharimu zaidi ya dola bilioni 1. Mazoezi ya kugongana yamepunguzwa, na kushambulia kwa helmeti kunaadhibiwa.

Tangu aondoke, Steelers haijampa mchezaji mwingine jezi namba 52. Webster aliwakinga wenzake kwa kichwa chake akiwa hai. Alipokufa, kichwa hicho hicho kikawa ushahidi uliowakinga waliomfuata.