Kilio cha Mtoto Mchanga si Ukaidi

Hapa kwetu Kakamega, mzazi anayemwinua mtoto mchanga kila aliapo huambiwa kwamba anamdekeza. Nami niliyaamini hayo. Kifungua mimba wangu alipokuwa na miezi minane, nilimkataza mama yake kumwendea usiku, nikidhani kuwa ninamlea mwana jasiri. Miaka mingi baadaye niliyasoma maisha ya mwanasaikolojia Mary Ainsworth, nikaona haya.

Bibi huyo alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka wa 1913, akakulia Toronto, Kanada, alikopata shahada ya uzamifu mwaka wa 1939. Alipoolewa mwaka wa 1950 alihamia London, akafanya kazi na Daktari John Bowlby, aliyechunguza madhara ya kumtenga mtoto na mamaye. Mnamo 1954 mumewe alipata kazi Kampala, naye akafuatana naye.

Huko kwa jirani zetu wa Uganda ndiko alikoianza kazi iliyompa jina. Akiwa na mkalimani, alizitembelea tena na tena, kwa miezi kadhaa, familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga 28. Aliketi nyumbani mwao akitazama jinsi mama anavyonyonyesha na kumbembeleza mwanawe. Alikusudia kuwachunguza watoto wanaoachishwa ziwa na kupelekwa kwa nyanya zao. Alipokuta desturi hiyo imefifia katika familia nyingi, aligeukia jambo pana zaidi: namna pendo la mtoto kwa mama linavyoota na kukua.

Aliona kwamba mtoto aliye na imani na mama yake hutambaa mbali kuchunguza ulimwengu, kisha humrudia apate utulivu. Aidha, mama aliyeweza kusimulia kinaganaga tabia za mwanawe, kwa kuwa alimtazama kwa makini, aghalabu ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu. Matokeo hayo aliyachapisha kitabuni mwaka wa 1967.

Alipokwenda Baltimore, Marekani, alichunguza familia nyingine 26. Huko yeye na wenzake walibaini kuwa watoto walioitikiwa upesi katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia kutimiza mwaka. Baadhi ya wataalamu walimpinga, lakini mafunzo yake yangali yanasomeshwa vyuoni duniani kote.

Linalonigusa zaidi ni kwamba Bibi Ainsworth hakujaliwa mtoto. Ndoa yake nayo ilivunjika mwaka wa 1960. Hata hivyo, hadi alipofariki Virginia mwaka wa 1999, aliwatumikia watoto wa watu kwa subira ambayo mimi, mzazi, sikuwa nayo.

Krismasi iliyopita kifungua mimba wangu alikuja nyumbani na mwanawe mchanga. Usiku mtoto alilia. Nilimsikia mwanangu akisita mlangoni, pengine akihofia kwamba babaye angemkemea. Nilimwambia amwinue. Asubuhi nilimweleza kosa langu la zamani, naye akanisikiliza kimya.

Wazazi wenzangu, mtoto mchanga hana lugha nyingine ya kutuita. Tuitike mapema, maana kumwomba radhi mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima ni kazi ngumu.